Kijiji kimoja, mipaka mitatu: Laxton na parishi yake

Mganda akiulizwa anatoka parishi gani, hajaulizwa anasali wapi. Kitambulisho chake cha taifa kinataja kijiji, parishi, kaunti ndogo na wilaya, na awe Mwislamu au Mlokole, parishi anayo tu. Mtanzania au Mkenya akilisikia neno hilo hulipeleka kanisani moja kwa moja: Wakatoliki wana parokia, Waanglikana wana parishi, na serikali haimo kabisa. Neno ni moja, majirani ni wamoja, ila maana zimeachana. Chanzo chake kiko mbali, kwenye vijiji vya Uingereza, ambako kwa karne nyingi parishi ilikuwa kanisa na serikali kwa pamoja. Mkanganyiko huu hauondoki kwa kusoma kamusi. Unaondoka mtu akikichukua kijiji kimoja na kukifumua taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine.

Kijiji nilichokichagua ni Laxton, katika kaunti ya Nottinghamshire, mashariki ya msitu wa Sherwood. Ni padogo: kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja, na nyumba za matofali mekundu zilizojipanga kandokando ya barabara. Umaarufu wake ni kwamba mambo yaliyokufa kwingine kote nchini humo, hapo bado yanaendelea. Wakulima wake wanalima kwa utaratibu uliotangulia kuzaliwa kwa mataifa yetu yote, tena chini ya baraza lao wenyewe, lenye nguvu ya kisheria hadi leo.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba katika Uingereza ya zamani, kipande kimoja cha ardhi kilibeba mipaka mitatu kwa wakati mmoja. Kulikuwa na kijiji, yaani watu, nyumba zao na mashamba yao. Kulikuwa na miliki, yaani eneo la kabaila aliyeshikilia ardhi kutoka kwa mfalme au kwa kabaila mkubwa zaidi. Na kulikuwa na parishi, eneo ambalo watu wake walibatizwa, wakaoana na kuzikwa kwenye kanisa moja, na kulilipa kanisa hilo zaka. Mahali pengine mipaka hii ililingana. Pengi haikulingana: parishi moja ingeweza kuwa na makabaila watatu, au miliki ya kabaila mmoja ikavuka na kuingia parishi mbili. Parishi ya Laxton yenyewe ilichukua pia kitongoji cha Moorhouse, chenye nyumba zake na historia yake. Mtu wa Laxton wa mwaka 1600 alikuwa jirani wa wenzake, mpangaji wa kabaila na muumini wa parishi, na kila cheo kati ya hivyo kilikuwa na madeni yake na mahali pake pa kushtakiwa.

Tuanze na ardhi, maana bila ardhi hayo mengine hayaeleweki.

Mashamba ya Laxton hayana ua. Kuna mashamba makuu matatu: la Magharibi, la Kinu na la Kusini. Kila moja ni uwanja mpana, na ndani yake kila mkulima ana vipande vyake vyembamba, kimoja hapa, kingine kule, katikati ya vipande vya wenzake. Neno letu la ngwe, kipande cha shamba kilichopimwa ili mtu alime, linafaa hapa kuliko lolote jingine. Ekari tunayoipimia viwanja hadi leo ilitoka kwenye ngwe za namna hii: yadi 220 kwa urefu na 22 kwa upana, takriban mita 200 kwa 20, kazi iliyohesabiwa kuwa ya siku moja kwa plau ya maksai. Urefu ulikuwa mkubwa kuliko upana kwa sababu kugeuza msururu wa maksai ni shughuli. Mkulima alitaka ageuze mara chache.

Kwa nini mtu mmoja asipewe shamba lake lote mahali pamoja? Maelezo yanayotolewa zaidi ni haki, pamoja na kujikinga. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito. Mwaka wa mvua nyingi bondeni hutuama maji na mwinuko hupona, na mwaka wa ukame mambo hugeuka. Mwenye ngwe kila upande hapati mavuno makubwa kupita kiasi, ila hakosi chakula. Mkulima yeyote wa kwetu mwenye kishamba bondeni na kingine mlimani anaijua hesabu hii bila kufundishwa.

Mashamba hayo matatu yalipokezana. Mwaka huu moja linapandwa ngano ya vuli, la pili linapandwa shayiri, njegere au maharage wakati wa masika yao, na la tatu linalazwa, mifugo ya kijiji kizima inaingia kulisha na kuacha samadi. Mwaka unaofuata yanasogea hatua moja. Mavuno yakishatoka, mifugo huingizwa pia kwenye mabua. Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Kama ng'ombe wa wote wataachiliwa shambani siku fulani, basi wote lazima wawe wamevuna kabla ya siku hiyo. Ukichelewa, ngano yako inaliwa. Ukitaka kupanda kitu cha peke yako ambacho hakiivi pamoja na vya wenzako, huwezi. Ngwe ilikuwa yako wakati wa kulima na kuvuna, kisha ikawa ya wote wakati wa kulisha. Mtu aliyezoea hati ya kiwanja yenye jina moja na mipaka minne anaweza kushangaa, lakini umiliki wa namna hiyo, wa kugawana haki kwa msimu badala ya kugawana udongo, ndio uliotawala sehemu kubwa ya Uingereza kwa mamia ya miaka.

Utaratibu kama huo haujiendeshi. Unahitaji sheria, mashahidi na faini, na vyote hivyo vilitoka kwenye miliki, yaani kwa kabaila.

Kabaila wa kwanza wa Laxton kutajwa kwa maandishi yumo katika Domesday, sensa kubwa ya mali ambayo mfalme William aliiamuru na ikakamilika mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani, watu wa Normandy ya Ufaransa, kuivamia nchi. Kitabu hicho kinapaita mahali hapo Laxintune. Kabla ya uvamizi ardhi ilikuwa ya mtu aitwaye Tochi. Baada yake ikawa ya Mnormani Geoffrey Alselin. Thamani yake, iliyokuwa pauni 9 kwa mwaka, ilikuwa imeshuka hadi 6. Waandishi waliwahesabu wakulima 22 waliofungwa kwa kabaila, wengine 7 wenye vibanda na vijishamba tu, na watumwa. Haya si ya kupita haraka: ndani ya miaka 20 mwenyeji amenyang'anywa, mgeni amekaa, na walimaji wamehesabiwa pamoja na plau zao kama sehemu ya mali. Kaskazini mwa kijiji bado kuna kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono. Ni msingi wa ngome ya Wanormani, na ndiyo ngome ya aina hiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote katika kaunti nzima. Watawala wake waliofuata walikuwa pia wasimamizi wa msitu wa mfalme wa Sherwood. Ndani ya kanisa kuna sanamu za makaburi ya ukoo mmoja wao, wa Everingham, na moja kati yake, ya mwanamke, imechongwa kwa mbao za mwaloni.

Kabaila alikuwa na baraza lake. Wapangaji walihudhuria kwa lazima, na humo walichaguliwa wanakijiji wakala kiapo kueleza nani amevunja mila: nani amelima akala njia, nani ameachia nguruwe, nani amehamisha kigingi cha jirani. Kwa Kiswahili cha mahakamani ningewaita wazee wa baraza, ingawa wengine walikuwa vijana. Kwingine Uingereza mabaraza haya yalififia taratibu yakabaki sherehe, watu wakivaa majoho mara moja kwa mwaka. Laxton halikufifia. Kila mwishoni mwa Novemba wazee 12 na kiongozi wao wanakwenda kwenye shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Wanalikagua ngwe kwa ngwe. Mahali ambapo plau imevuka na kumega njia au ukanda wa nyasi za pamoja, wanapigilia kigingi panapostahili. Wiki inayofuata baraza linakaa ndani ya baa ya Dovecote chini ya msimamizi anayemwakilisha bwana wa miliki, waliokosa wanatozwa faini, na wazee wa mwaka ujao wanaapishwa. Bunge la Uingereza lilipoyaondolea mabaraza ya zamani mamlaka ya kusikiliza kesi, mwaka 1977, sheria hiyo ililitaja baraza la Laxton kwa jina na kuliacha na mamlaka yake.

Tunaweza hata kuona ngwe hizo zilivyokuwa karibu miaka 400 iliyopita. Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce alichora ramani ya kijiji chote, ngwe kwa ngwe, pamoja na kitabu cha kueleza kila moja ni ya nani. Ndani ya ramani alichora watu wadogo wadogo wakilima, wakivuna na kuwinda. Sasa imehifadhiwa kwenye maktaba ya Bodleian, Oxford. Aliyemlipa ni mmiliki mpya, Sir William Courten, mfanyabiashara wa London ambaye fedha zake ndizo zilizopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Ramani nzuri namna ile haikuchorwa kwa kupenda uzuri. Tajiri wa mjini alikuwa amenunua kijiji na alitaka kujua amenunua nini. Courten alikufa mwaka uliofuata, na si muda mrefu miliki ikaangukia mikononi mwa ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walipewa cheo cha Earl Manvers.

Sasa tuje kwenye parishi.

Ilianza kwa urahisi. Kabaila alijenga kanisa kwenye ardhi yake, akaligawia shamba la kumlisha kasisi, na watu wa karibu wakaanza kusali hapo. Kilichoifanya iwe na mpaka mkali ni zaka. Kila mganda wa kumi wa nafaka ulikuwa wa kanisa, halikadhalika mwanakondoo wa kumi, kwa hiyo ilipasa ijulikane shamba hili linalipa kanisa lipi. Mpaka wa parishi kwa kweli ulikuwa mpaka wa zaka, na kufikia karne ya 12 na ya 13 ulikuwa umekazwa na sheria za kanisa kiasi cha kutogusika kirahisi. Kwa kuwa wengi hawakuwa na ramani, kila mwaka katika majuma ya baada ya Pasaka kasisi na waumini waliuzunguka mpaka kwa miguu. Watoto walichukuliwa, na penye jiwe la mpaka mara nyingine waligongeshwa kwenye jiwe lenyewe ili wakikua wasilisahau. Ramani iliwekwa miilini mwa watoto.

Serikali iliingia baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu parishi tayari ilikuwepo kila mahali na kila mtu alikuwa ndani yake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parishi iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1555 parishi zikapewa matengenezo ya barabara, na wanakijiji wakalazimika kutoa siku zao za kazi bila malipo, jambo ambalo waliokumbana na kazi za lazima za ukoloni kwetu wangelitambua mara moja. Mwaka 1601, chini ya Elizabeth wa Kwanza, parishi ikakabidhiwa maskini: wasimamizi wawili au zaidi wachaguliwe, wenye mali watozwe kodi, na fedha hizo ziwatunze wazee, yatima na wasiojiweza. Tangu hapo msimamizi wa kanisa na mtoza kodi wakawa majirani walioketi kwenye kikao kimoja.

Sheria ya 1601 ilikuwa jambo kubwa. Ilikiri kwamba mtu mwenye njaa ana haki ya kulishwa na jamii yake. Ila swali lililofuata lilikuwa chungu: jamii yake ni ipi? Sheria ya mwaka 1662 ilijibu kwa kuruhusu mgeni aliyekodi nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka arudishwe alikotoka ndani ya siku 40, iwapo ilionekana huenda akawa mzigo. Hakuhitaji kuwa ameomba chochote. Ilitosha kuonekana ataomba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa wa parishi alikozaliwa, kwa hiyo wako wanawake wajawazito waliosukumwa kuvuka mpaka katika hali ile, ili mtoto azaliwe kwenye hesabu za wengine. Mpaka wa zaka ulikuwa umegeuka mpaka wa huruma. Mimi hapa ndipo historia ya parishi inaponigusa zaidi, maana vitabu vya picha huionyesha kama mnara wa kanisa na kondoo majanini, na hivyo vilikuwepo, lakini barua za kuwahamisha maskini nazo zimo kwenye nyaraka za parishi nyingi.

Kufunguka kwa fundo kulikuja karne ya 19. Mwaka 1834 maskini waliondolewa kwenye mikono ya parishi mojamoja wakawekwa chini ya miungano ya parishi yenye nyumba kubwa za kuwafanyisha kazi. Nyumba ya Southwell ya mwaka 1824, katika kaunti hiyo hiyo ya Nottinghamshire, ilikuwa moja ya mifano iliyoigwa. Mwaka 1836 zaka ya mazao ikageuzwa malipo ya fedha. Mwaka 1866 sheria ikaitambua parishi ya kiserikali kuwa eneo linalotoza kodi yake ya maskini, na mwaka 1894 vijiji vikapata halmashauri za parishi za kuchaguliwa, ambazo wanawake nao waliruhusiwa kuzipigia kura na kuzigombea. Tangu hapo kuna parishi mbili zinazoshiriki jina: ya kanisa na ya serikali. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakijikita Buganda, na eneo la muluka, lililo chini ya gombolola, yaani kaunti ndogo, likapewa katika Kiingereza jina la ile ya pili. Ndilo lililo kwenye kitambulisho cha Mganda.

Limebaki swali la ardhi. Kama mashamba ya wazi yalikuwa kila mahali, yalikwenda wapi?

Yalizungushiwa ua. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufuta mashamba ya wazi na malisho ya pamoja, moja kwa karibu kila eneo, na jumla ya ardhi iliyoguswa ni takriban ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza. Hati ilipopita, wapimaji walikuja, ngwe zikakusanywa, kila mmiliki akapewa eneo lake pamoja na wajibu wa kupanda ua wa miti ya miiba kulizunguka. Mwenye ardhi kubwa alifaidika, kilimo kilibadilika, na mavuno sehemu nyingi yaliongezeka. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mmoja na mazoea tu ya kumlisha kwenye malisho ya wote, bila karatasi, mara nyingi aliondoka mikono mitupu. Hoja ya wapimaji inafahamika vizuri Kenya. Mpango wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954 ulisema vipande vilivyotawanyika ni hasara, ukavikusanya na kutoa hati za mtu mmoja mmoja, na katika Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya vita vya Mau Mau, wanaume wengi wakiwa kizuizini.

Laxton ilipona kwa sababu zisizo za kishujaa. Sehemu ya ardhi yake ilizungushiwa ua katika karne ya 18, kwa hiyo hata hapo si kila kitu kilichobaki. Kwa mashamba yaliyosalia, kuzungushia kulitaka gharama na makubaliano, na ardhi haikuwa ya mtu mmoja. Earl Manvers alikuwa na sehemu kubwa, Earl wa Scarbrough alikuwa na yake, na kulikuwa pia na wamiliki wadogo. Miaka ikapita bila mapatano. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe nyingi ziliunganishwa ziwe pana zaidi, na zana mpya zikaweza kuingia, lakini mashamba matatu, mapokezano yake na baraza lake vikaachwa. Kuna alama moja ambayo mgeni anaweza kuiona bila kuelezwa: nyumba za wakulima bado ziko kijijini, zikigusana na barabara. Kwingine, ua ulipopandwa, wakulima wengi walihamia katikati ya ardhi zao mpya na kijiji kikatawanyika. Laxton hakuna ambaye ardhi yake ilikuwa imekusanywa mahali pamoja pa kuhamia.

Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita aliiuza miliki kwa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 ilihamia kwa taasisi inayosimamia mali za Taji, yaani za ufalme. Mwaka 2020 ilirudi kwa Thoresby, mali ya kizazi cha ukoo ule ule wa Pierrepont. Umiliki umebadilika mara tatu ndani ya miaka 70, na kila mara mnunuzi amelipokea baraza pamoja na ardhi. Mashamba ya wazi yaliyobaki ni karibu ekari 500. Zile kanda za nyasi kati ya ngwe, ambazo plau haikuzifikia kwa sababu ya mteremko au unyevu, zimejaa maua ya porini yaliyotoweka kwenye mashamba ya kisasa, na zinalindwa kisheria kwa ajili hiyo. Nyasi zake hunadiwa kila kiangazi. Ndizo hasa zinazomegwa na plau mtu asipoangaliwa, kidogo tu kila mwaka, upana wa kiatu. Kwa hiyo Novemba ikifika wazee wanarudi na nyundo na vigingi vyao, wanatembea ukingoni, wanasimama, wanabishana kidogo, wanapigilia. Mwenye ngwe akija siku ya pili anaona mfuo wake wa mwisho ulipaswa kuishia wapi.